Kutoka Kiseyeye hadi "Kinga": Historia ya Kolajeni na Uso wa Kijana

Jioni moja muhula uliopita, baada ya mkutano wa chama, tulibaki watu wanne tukimalizia chai na mandazi. Mwenzetu mmoja, mwenye umri wa miaka 23, akatuonyesha tangazo kwenye simu yake. Kliniki moja ya urembo hapa mjini ilikuwa inawapa wanafunzi punguzo: sindano za kuamsha kolajeni, mizunguko mitatu, kwa walio chini ya miaka 30. Si tiba ya kunyanzi, maana kunyanzi zenyewe hana. Tangazo liliita huduma hiyo kinga. Akatuuliza nusu kwa utani, "Jamani, hivi kolajeni yetu imeshaanza kuisha?" Tukacheka, kisha nikaona kila mmoja amejishika shavu.

Mimi nasoma historia, si udaktari, kwa hiyo sikwenda maktaba kutafuta kama sindano hizo zinafaa. Nilitaka kujua zimetoka wapi, na zilikuwa za nani kabla hazijawa zetu. Nilichokikuta kimenikaa moyoni kuliko nilivyotarajia, na ndiyo sababu nawaandikia wanachama wenzangu na walimu wetu. Tiba nyingi zinazouzwa leo kwa uso wa kijana asiyepungukiwa na kitu zilianza kwa mtu aliyekuwa amepoteza kitu.

Kwanza kolajeni yenyewe. Aliyewahi kuchemsha makongoro anaijua hata kama hajui jina lake: supu ikilala, asubuhi unaikuta imeganda na inatikisika. Kilichoigandisha ni kolajeni iliyotoka kwenye ngozi na kano za ng'ombe, ikayeyuka kwa moto. Jina limetokana na neno la Kigiriki la gundi, na kweli maseremala wa zamani walichemsha ngozi na mifupa kupata gundi ya kuungia mbao. Mwilini ni protini ya nyuzinyuzi inayoshika ngozi, mifupa, kano na kuta za mishipa ya damu. Mwili huibomoa na kuijenga upya muda wote. Ujenzi ukisimama, mtu hufumuka.

Hilo si neno la kutia chumvi. Tunalijua kutokana na mabaharia, na sehemu ya habari zao inapita pwani yetu. Vasco da Gama alipofika Mombasa tarehe 7 Aprili 1498, baadhi ya watu wake walikuwa wagonjwa: miguu na mikono imevimba, fizi zimeota juu ya meno hata hawawezi kula. Ni kiseyeye. Mfalme wa Mombasa aliwapelekea kondoo, machungwa, ndimu na miwa. Baharia aliyeandika kumbukumbu za safari ile, ambaye jina lake halikuhifadhiwa, anasema wagonjwa wote walipona hapo, na anaishukuru hewa nzuri ya mji. Hewa! Machungwa ameyataja mwenyewe katika orodha ya zawadi, lakini sifa amezipa hewa.

Mwaka uliofuata hali ilikuwa mbaya zaidi. Kuvuka kutoka India kuliwachukua karibu miezi mitatu, na watu 30 walikufa njiani kwa ugonjwa uleule. Kila chombo kilibaki na watu saba au wanane tu wenye nguvu ya kukiendesha. Walipotia nanga Malindi mwezi wa Januari 1499, nahodha mkuu alimtuma mtu pwani haraka akatafute machungwa, kwa kuwa wagonjwa walikuwa wanayalilia. Basi tayari walikuwa wamehisi jambo. Hata hivyo wengine walifia hapohapo Malindi, wameshachelewa.

Kisa kilichonishtua zaidi ni cha karibu miaka 250 baadaye. Katika safari ya Mwingereza George Anson kuzunguka dunia, iliyoanza mwaka 1740, alikuwemo mzee aliyejeruhiwa miaka 50 nyuma katika vita vya Boyne, Ireland. Kiseyeye kilipompata, majeraha yake ya ujana yakafunguka kana kwamba hayajawahi kupona, na mfupa wake uliowahi kuvunjika ukaachana tena. Leo sababu inajulikana: bila vitamini C mwili hauwezi kutengeneza kolajeni imara, na kovu ni kolajeni. Kovu la miaka 50 nalo linahitaji kujengwa upya. Mwaka 1747 daktari James Lind aliwagawa mabaharia 12 wagonjwa katika jozi sita, kila jozi na dawa yake. Waliopewa machungwa na ndimu ndio waliosimama mapema. Jeshi la Majini la Uingereza lilichukua karibu nusu karne, hadi 1795, kuagiza maji ya ndimu yagawiwe melini. Kumbe tiba ya kwanza ya kuamsha kolajeni iliyothibitishwa kwa majaribio ni tunda, na mteja wake alikuwa mtu anayekufa.

Kuanzia hapo historia inaacha bahari na kuingia katika vyumba vya madaktari, na sindano inaonekana kwa mara ya kwanza. Mwaka 1899 huko Vienna, daktari wa upasuaji Robert Gersuny alimdunga mafuta mazito ya jamii ya Vaseline kijana mmoja aliyeondolewa korodani kwa sababu ya kifua kikuu, ili kumrudishia umbo lake. Ilikuwa huruma kwa mtu aliyepoteza. Haikupita miaka mingi, mafuta hayo na nta ya parafini vikawa vinadungwa katika nyuso za watu wazima wa afya waliotaka pua iliyonyooka zaidi au shavu lililojaa zaidi.

Mmoja wao alikuwa Gladys Deacon, Mmarekani aliyesifiwa kwa uzuri katika majumba ya Ulaya. Alipokuwa na miaka 22 hivi, umri wetu, aliona mstari wa pua yake haujafikia ukamilifu wa sanamu za Kigiriki, akadungwa nta. Nta haikai ilipowekwa. Iliteremka hadi kidevuni na kumharibu uso kwa maisha yake yote, nayo yalikuwa marefu: alifariki mwaka 1977. Mnamo 1921 aliolewa na Mtawala wa Marlborough, na anayekwenda kutalii jumba la Blenheim karibu na Oxford akiinua kichwa langoni ataona macho yake ya buluu yamechorwa darini. Macho tu.

Umbo la kolajeni lilijulikana baadaye sana, na waliolipambanua walikuwa Madras, India: G. N. Ramachandran na Gopinath Kartha, mwaka 1954. Walitumia picha za eksirei za kano za mkia wa kangaruu, wakaonyesha nyuzi tatu zilizosokotwa pamoja kama kamba ya katani. Nalitaja kwa sababu katika matangazo sayansi hii huonekana kama imezaliwa Paris au California.

Nambari inayotumiwa kututisha, nayo, ilizaliwa Uingereza. Mwaka 1975 Sam Shuster na wenzake wa Newcastle walichapisha vipimo vya ngozi za watu wa rika mbalimbali, wakaonyesha kwamba kolajeni hupungua kwa takriban asilimia 1 kila mwaka wa utu uzima. Kwao ilikuwa habari ya kitabibu. Walitaka kuelewa kwa nini ngozi ya wazee, na hasa ya wanawake wazee, ni nyembamba. Leo asilimia hiyo moja imeandikwa kwenye vipeperushi, ikielekezwa kwa watu ambao wametoka shule juzi. Ni nambari ya kweli inayobebeshwa mzigo usio wake. Inaeleza jinsi kolajeni inavyopungua. Haisemi kwamba sindano ya mtu wa miaka 24 itamfaa akiwa na miaka 50.

Mwaka 1981 Marekani iliidhinisha kolajeni ya kwanza ya kudunga, Zyderm, iliyotengenezwa kwa ngozi ya ng'ombe. Kazi ya awali ya wataalamu wake ilihusu zaidi makovu yaliyobonyea, yakiwemo ya chunusi. Ilibidi mtu ajaribiwe kwanza kwenye mkono, maana takriban watu 3 katika 100 waliikataa miilini mwao, na matokeo yake yalidumu miezi michache tu. Hapo ndipo wazo likageuka: badala ya kumwekea mtu kolajeni ya ng'ombe, kwa nini usiuamshe mwili wake utengeneze yake?

Dawa moja ilikuwa tayari inafanya hivyo. Tretinoini, inayotokana na vitamini A, iliidhinishwa Marekani mwaka 1971 kwa ajili ya chunusi, kwa jina la Retin-A. Aliyeongoza utafiti wake alikuwa Albert Kligman wa Chuo Kikuu cha Pennsylvania. Baadaye wagonjwa wake wa makamo walimwambia kwamba ngozi imelainika, na mwaka 1986 yeye na wenzake wakachapisha kwamba dawa hiyo inarekebisha ngozi iliyoharibiwa na jua. Ni dawa ya kweli. Naijua hadhi yake, na hata walimu wa udaktari wanaiheshimu.

Lakini jina la Kligman lina makazi mengine. Kuanzia mwaka 1951 hadi 1974 aliendesha majaribio ya ngozi ndani ya gereza la Holmesburg, Philadelphia. Wafungwa, wengi wao watu weusi na wengi wakiwa bado hawajahukumiwa, walipakwa na kubandikwa kemikali mgongoni kwa malipo ya dola chache. Yeye mwenyewe alisimulia baadaye kwamba alipoingia gerezani mara ya kwanza, alichokiona mbele yake ni eneo kubwa la ngozi, na alijisikia kama mkulima aliyekuta shamba lenye rutuba. Shule ya udaktari ya chuo chake iliomba radhi mwaka 2021, na mji wa Philadelphia mwaka 2022. Wengi waliostahili kuombwa radhi walikuwa wameshafariki. Kligman alifariki mwaka 2010 bila kukubali kwamba alikosea.

Nimelikalia jambo hili kwa sababu ngozi yetu inapofika katika historia hii, inafika kwa mlango huo. Wakati wa kujaribu, ngozi nyeusi ilikuwa shamba. Wakati wa kuuza, picha za vipeperushi zikawa za weupe, na hata ushauri ukaandikwa kwa ajili yao. Angalia habari ya visindano vidogo. Mwaka 1997 André Camirand wa Montreal alieleza jinsi alivyojaribu kuficha makovu meupe kwa kuyachora rangi ya ngozi kwa mashine ya kuchora miili. Rangi ilififia ila makovu yakawa yamelainika, basi akaanza kuyadunga bila rangi. Miaka hiyohiyo Des Fernandes, daktari wa upasuaji wa Cape Town, akatengeneza kigurudumu chenye visindano vingi. Kanuni ni moja: jeruhi kidogo, mwili utajenga kolajeni. Vizuri. Lakini kuna miili isiyojua pa kusimama. Kovu huvimba, hutoka nje ya mipaka ya jeraha na kuwa keloidi, na hali hiyo huwapata zaidi watu wenye asili ya Afrika. Bibi zetu waliochanja chale walijua nani ngozi yake hutuna na nani haitunI. Mwenzetu wa miaka 23 ana keloidi nyuma ya sikio tangu alipotobolewa akiwa mtoto. Alipopiga simu kliniki, aliulizwa tarehe inayomfaa na kadi ya benki. Sikio hakuna aliyeliuliza.

Nisionekane nachukia urembo. Kumtengeneza kijana kabla ya wakati ni jadi yetu pia. Bibi harusi wa Unguja husingwa kwa singo siku kadhaa mpaka ngozi inang'aa, hupakwa liwa na kufukizwa udi, na hakuna anayemwambia kwamba uso wake unaporomoka. Na tusijisifu kupita kiasi, kwa sababu mkorogo nao ni wetu. Nyingi za krimu hizo zina dawa za steroidi, na steroidi ikipakwa muda mrefu huzuia ngozi isitengeneze kolajeni, ikawa nyembamba kama karatasi. Dada mmoja anajichubua Kariakoo huku mwingine analipa London arudishiwe kile ambacho wa kwanza anakiua.

Kinga iliyopimwa kwa miaka ipo, ila haina faida kubwa kwa muuzaji. Katika mji wa Nambour, Australia, watu wazima 903 walio chini ya miaka 55 walifuatiliwa kwa miaka minne na nusu katika miaka ya 1990. Walioelekezwa kupaka mafuta ya kuzuia jua kila siku walionyesha kuzeeka kwa ngozi kwa asilimia 24 pungufu kuliko waliopaka wanapojisikia. Matokeo ya ngozi kuzeeka yalichapishwa mwaka 2013. Ni Australia, na melanini yetu inatupa ngao ambayo wale hawana, lakini angalau hapo vijana walipimwa.

Sasa nifike kwenye sindano ya tangazo lile. Kilichomo ni asidi ya polilaktiki, jamii ya malighafi ambazo madaktari walikuwa wakizitumia zamani katika nyuzi za kushonea zinazoyeyuka zenyewe. Chembe zake zikidungwa chini ya ngozi, mwili huziona kama mgeni na kuzizungushia kolajeni. Polepole chembe huyeyuka na kolajeni hubaki, kwa takriban miaka miwili. (Nilipiga hesabu: anayeanza na miaka 24 ili afike 50 akiwa bado "amekingwa" atarudia mara 13.) Iliruhusiwa Ulaya mwaka 1999. Mwezi wa Agosti 2004, mamlaka ya dawa ya Marekani iliiidhinisha kwa kundi moja tu la watu: wanaoishi na VVU ambao mafuta ya usoni yameyeyuka.

Hapo nilifunga kitabu kwa muda.

Mama mkubwa wangu, dada yake mama, alianza dawa za kufubaza VVU huko Tanga mwaka 2005, mara tu baada ya serikali kuanza kuzigawa bure. Kidonge chake kilikuwa na dawa tatu, mojawapo stavudini, iliyokuwa rahisi na iliyookoa watu wengi mno. Kilimwokoa. Alinenepa, akarudi kwenye biashara yake ya vitumbua. Lakini kufikia mwaka 2008 mashavu yalikuwa yamezama, mishipa ya panja imetokeza, na uso ukawa unamtangaza popote aendapo. Watoto wa mtaani walisema kakanyaga miwaya. Wateja walihama mmojammoja. Alianza kuvuta mtandio mpaka chini ya macho, na sisi tukadhani ni uchaji.

Wakati huohuo, wagonjwa wenye mashavu kama yake Paris na San Francisco walikuwa wanadungwa asidi ya polilaktiki. Huko Paris utafiti wa wagonjwa 50 ulikuwa umechapishwa tangu 2003, ukionyesha ngozi ya mashavu imeongezeka unene. Daktari aliyetengeneza njia hiyo alijua kwamba mgonjwa anaweza kuacha dawa inayomweka hai kwa sababu ya aibu ya uso. Tanga hatukusikia hata kwamba kitu hicho kipo.

Mwezi wa Julai 2009 sindano ileile iliidhinishwa Marekani kwa urembo wa kawaida, kwa watu wenye kinga kamili ya mwili. Ndivyo kibali kilivyosema, wenye kinga kamili. Mwezi wa Novemba mwaka huohuo, Shirika la Afya Duniani likazishauri nchi ziiache stavudini kwa sababu ya madhara yake ya muda mrefu. Mama mkubwa alibadilishiwa dawa. Mashavu hayakurudi.

Mwenzetu sikumkataza. Nilimpa habari ya sikio lake na ya makovu, na nilimsimulia haya mengine kwa sababu aliuliza. Mpaka naandika hajaenda, wala hajasema hataenda. Alichoniuliza ni kama mama mkubwa bado yu hai.

Yu hai. Ana miaka 61, vitumbua anauza mpaka leo, na mtandio alishauacha. Kila Jumapili tunapoongea kwa video anaisogeza simu karibu mpaka naona jicho moja na nusu ya paji, ananikagua kimya, halafu anauliza, "Mwanangu, mbona mashavu yamekwenda? Huko hamli?"